Mjasiriamali mdogo, linda jina lako kabla halijavuma

Ukizunguka mabanda ya wajasiriamali katika viwanja vya Sabasaba, Barabara ya Kilwa jijini Dar es Salaam, utaona kazi ya mikono inayotia moyo. Kuna asali ya Tabora na Singida, sabuni ya mwani kutoka Unguja, mvinyo wa Dodoma, siagi ya karanga, unga wa lishe, achari ya embe, mafuta ya nazi na viungo vya pilau. Lebo zina rangi nzuri, vifuniko vimezibwa sawasawa, na kila mwenye banda ana bahasha ya nyaraka anayoitoa kwa fahari mnunuzi mkubwa akiuliza maswali. Ndani mna cheti cha jina la biashara, namba ya mlipakodi, leseni, pengine cheti cha ubora cha TBS, na namba ya bakodi inayoanza na 620.

Nyaraka hizo zimemgharimu mwenyewe nauli, muda na fedha, na kila moja ina kazi yake. Hata hivyo, hakuna hata moja kati yake inayomzuia mtu mwingine kubandika jina lile lile kwenye chupa yake na kuipeleka kwenye duka lile lile. Kazi hiyo hufanywa na cheti cha usajili wa alama ya biashara, na bahasha nyingi hazina cheti hicho.

Imani iliyoenea ni kwamba alama za biashara ni mambo ya kampuni kubwa zenye mawakili na ghorofa mjini. Imani hiyo inawaumiza wale wale wanaoishika. Kampuni kubwa ikipoteza jina moja, ina majina mengine kumi na fedha za kutangaza la kumi na moja. Mama anayesaga karanga kwa mashine moja ana jina moja tu. Jina hilo ndilo linalomfanya mteja aruke chupa tano za wenzake rafuni na kuchukua ya kwake. Akinyang'anywa, anarudi sokoni akiwa hajulikani, akiwa na mashine ile ile, madeni yale yale na umri mkubwa zaidi. Kwa hiyo anayehitaji ulinzi huu mapema zaidi ni yeye.

Vyeti viwili, kazi mbili

Chanzo kikubwa cha mkanganyiko ni kwamba vyeti vyote viwili, cha jina la biashara na cha alama ya biashara, vinatolewa na ofisi moja. Tanzania Bara, ofisi hiyo ni BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Mtu akishatoka BRELA na cheti mkononi, huona safari imekwisha.

Jina la biashara husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213. Kazi yake ni kuujulisha umma kwamba nyuma ya jina fulani la duka, karakana au mgahawa yupo mtu fulani, mwenye anwani fulani. Ni utambulisho wa mfanyabiashara. Benki inautaka ili kufungua akaunti, halmashauri inautaka ili kutoa leseni.

Alama ya biashara inasimamiwa na sheria nyingine, Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, Sura ya 326, iliyotungwa mwaka 1986. Hiyo inahusu bidhaa au huduma yenyewe. Inaweza kuwa neno, nembo, mchoro, herufi, namba au mchanganyiko wa vyote hivyo, mradi ionekane kwa macho na iweze kutenganisha bidhaa za mtu mmoja na za mwingine. Aliyesajili anapata haki ya pekee ya kuitumia kwa bidhaa alizozitaja, na anaweza kumshtaki anayetumia alama hiyo au inayofanana nayo kiasi cha kumchanganya mnunuzi.

Ambaye hakusajili hawezi kufungua shauri la uvunjaji wa alama. Anabakiwa na njia moja iliyorithiwa kutoka sheria ya Uingereza, yaani kumshtaki mtu kwa kupitisha bidhaa zake kana kwamba ni za mlalamikaji. Njia hiyo ipo na mahakama zetu zinaitambua, ila ni ndefu na ghali. Mlalamikaji lazima athibitishe kwamba jina lake lilikuwa na sifa sokoni, kwamba mshtakiwa aliwahadaa wanunuzi, na kwamba yeye amepata hasara kwa sababu hiyo. Mfanyabiashara mdogo anayeuza kwa fedha taslimu bila stakabadhi, asiyetunza kumbukumbu za matangazo wala mauzo, atathibitishaje sifa yake ya miaka minane? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye cheti anaanza shauri akiwa na nusu ya ushahidi mkononi.

Vivyo hivyo kwa nyaraka nyingine. Alama ya TBS inasema bidhaa imefikia kiwango, haisemi jina lililo juu yake ni la nani. Namba ya bakodi humsaidia muuzaji wa supamaketi kutambua bidhaa kwenye mashine yake, na tarakimu 620 zinaonyesha tu kwamba namba imetolewa kupitia ofisi ya Tanzania ya mfumo huo, kama 616 kwa Kenya.

Jina zuri kwa mteja, dhaifu mbele ya msajili

Kosa la pili hutokea kabla hata ya kufika BRELA, siku mjasiriamali anapochagua jina. Wengi hupenda jina linaloieleza bidhaa moja kwa moja: Asali Safi, Unga Bora, Karanga Tamu, Nazi Asilia. Sababu yao inaeleweka, kwani mteja halazimiki kuuliza kilichomo. Lakini maneno yanayoitaja bidhaa, sifa yake au mahali inakotoka ni mali ya wauzaji wote. Kila mrina asali ana haki ya kusema asali yake ni safi, na msajili hawezi kumpa mtu mmoja neno hilo akawanyima wengine.

Angalia huduma za kutuma fedha kwa simu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, ilifuatwa na Tigo Pesa, Ezy Pesa na HaloPesa. Neno pesa lilikaa kwenye majina yote hayo kwa sababu ni neno la watu wote. Kilichoyatenganisha ni kile kilichotangulizwa mbele yake, pamoja na rangi na mchoro.

Jina lenye nguvu ni lile ambalo, kabla hujalitumia, halikuwa na uhusiano wowote na bidhaa yako. Linaweza kuwa neno ulilolitunga mwenyewe, au neno la kawaida lililohamishiwa mahali pasipotarajiwa. Simba kwa klabu ya mpira halielezi mpira, ndiyo maana linashika. Jina la namna hiyo hukuchosha mwanzoni kwa kulieleza kwa wateja, kisha hukulipa kwa sababu hakuna mwingine mwenye sababu ya haki ya kulitumia.

Jina la mtu nalo lina mtego wake. Mama Fulani ni mtindo unaopendwa, na una joto lake. Lakini akina mama wenye jina hilo ni wengi, na sheria huwa na tahadhari na majina ya watu yaliyoandikwa kwa namna ya kawaida. Anayeng'ang'ania jina lake basi alichoree mwandiko na nembo ya pekee, asajili umbo hilo lote kwa pamoja. Na aliyemchorea nembo amwandikie barua fupi ya kumkabidhi haki zote za mchoro huo, iliyosainiwa na wote wawili, kwa sababu mchoro ni kazi ya sanaa na unaweza kudaiwa na aliyeuchora.

Daraja gani?

Alama haisajiliwi kwa kila kitu chini ya jua. Nchi nyingi duniani hupanga bidhaa na huduma kwa mfumo wa Nice, uliopewa jina la mji wa Ufaransa ambako mkataba wake ulitiwa saini mwaka 1957. Una madaraja 45: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Unaposajili, unataja daraja, na ulinzi wako unakaa humo.

Hapa ndipo wazalishaji wadogo hupotea njia. Chukua mtu wa Bagamoyo au Pemba anayekamua mafuta ya nazi. Chupa ya mafuta ya kupikia iko daraja la 29. Mafuta hayo hayo yakiwekwa kwenye kopo la kujipaka mwilini yanahamia daraja la 3, pamoja na sabuni na manukato. Siagi ya karanga na achari ziko daraja la 29, ilhali asali, viungo, unga na chai viko daraja la 30. Maji ya kunywa na juisi ni daraja la 32. Fulana ni daraja la 25. Mgahawa ni huduma, daraja la 43. Anayesajili jina la mafuta yake ya kupikia peke yake, kisha baada ya miaka miwili akaanza kutengeneza losheni, anaweza kukuta mwenzake amekwishalichukua jina hilo katika daraja la 3.

Kampuni ya Bakhresa inaonyesha jina moja linavyoweza kutembea. Azam lipo kwenye unga na aiskrimu, ambavyo ni daraja la 30, likaingia kwenye maji na juisi, daraja la 32, likapanda boti za Dar es Salaam na Zanzibar, ambazo ni usafirishaji, daraja la 39, likafika kwenye utangazaji wa televisheni, daraja la 38. Mjasiriamali anayeanza leo hawezi kulipia madaraja yote, na hana haja. Ajiulize tu: miaka mitatu ijayo nitakuwa nauza nini? Asajili kwa bidhaa ya leo na ile ya kesho aliyo na nia nayo ya kweli. Asizidishe, kwa sababu alama isiyotumika kwa miaka mitatu mfululizo Tanzania Bara inaweza kuombewa ifutwe. Kenya muda huo ni miaka mitano.

Njia yenyewe

Hatua si za kutisha. Ya kwanza ni upekuzi, yaani kuuliza kama jina au nembo inayofanana imekwishasajiliwa au kuombewa. Watu huiruka hatua hii wakaenda kwa mchapaji moja kwa moja, wakachapisha lebo elfu kadhaa, kisha wakaambiwa jina ni la mtu. Upekuzi ufanyike kabla ya lebo, kabla ya kibao cha duka, kabla ya ukurasa wa Instagram.

Baada ya hapo ni maombi, ambayo kwa Tanzania Bara hupelekwa kwa mfumo wa BRELA wa mtandaoni. Anayefungua akaunti huhitaji namba yake ya NIDA. Anaweka alama, anataja daraja na bidhaa, analipia ada. Msajili huchunguza. Akiridhika, alama hutangazwa katika jarida la msajili, na kuanzia hapo yeyote anayeona inamgusa ana siku 60 za kuweka pingamizi. Zikipita kimya, cheti hutolewa.

Siku hizo 60 zina maana kwa pande zote mbili. Mwenye alama iliyokwisha kusajiliwa anapaswa kulisoma jarida hilo, au kumpa mtu kazi ya kulisoma, kwa sababu jina linalofanana na lake hupita hapo kabla ya kufika sokoni. Pingamizi la wakati huo ni rahisi mara nyingi kuliko shauri la mahakamani baadaye.

Usajili Tanzania Bara hudumu miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10, bila kikomo. Uganda ni hivyo hivyo. Kenya huanza na miaka 10 na kuendelea kwa miaka 10. Hataza ya uvumbuzi ina mwisho, hakimiliki ina mwisho, lakini alama ya biashara inayotumika na kulipiwa inaweza kurithiwa na wajukuu. Mwenye alama aiandike tarehe ya kuihuisha mahali ambapo hata mwanawe ataiona.

Tahadhari moja kuhusu herufi R iliyozungushiwa duara. Wachapaji wa lebo huiweka kama pambo. Hiyo ni dai kwamba alama imesajiliwa, na kulitoa dai hilo kwa alama isiyosajiliwa ni kosa kisheria. Herufi TM haina tatizo hilo. Inaonyesha tu kwamba unalichukulia jina hilo kuwa alama yako.

Haki inaishia mpakani

Alama ya biashara ni haki ya nchi moja. Kwa wafanyabiashara wetu wanaovusha mizigo Namanga, Mutukula au bandari ya Malindi, Unguja, jambo hili lina uzito wa pekee. Cheti cha BRELA kinahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwandani ya mwaka 2008 na msajili wake, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, BPRA. Mtengenezaji wa viungo wa Unguja anayeuza Kariakoo anahitaji vyeti viwili ndani ya Jamhuri moja. Msajili wa Kenya ni KIPI, wa Uganda ni URSB.

Soko la Afrika Mashariki linafunguka kwa haraka kuliko usajili wa alama zetu. Mzigo huvuka mpaka kwa saa chache, jina hubaki nyuma bila hati. Upo msaada wa Mkataba wa Paris wa mwaka 1883, ambao nchi zetu ni wanachama wake. Ukiomba usajili katika nchi moja, una miezi 6 ya kuomba katika nchi nyingine mwanachama na kuhesabiwa kana kwamba uliomba siku ile ya kwanza. Kwa mwenye mtaji mdogo, miezi 6 ni nafasi ya kupima soko la jirani kabla ya kulipia tena. Mkenya ana njia ya ziada, kwa kuwa nchi yake iko katika mfumo wa Madrid tangu 1998, na Rwanda tangu 2013. Ombi moja kupitia ofisi ya nyumbani linaweza kuelekezwa nchi nyingi.

Hatari ya kuchelewa ilionekana wazi katika kisa cha kikoi. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno Kikoy nchini humo, kwa tahajia hiyo hiyo inayotumiwa na wauzaji wengi wa pwani ya Kenya. Wafumaji na wauzaji wa Kenya, wakisaidiwa na shirika la biashara ya haki la Traidcraft, waliweka pingamizi, na ombi halikufika mwisho wake. Lingefika, kikundi cha Kenya kinachopeleka vikoi London kingeweza kuzuiwa kuviita jina ambalo watu wa pwani wameviita kwa vizazi.

Kisa cha Hakuna Matata kina funzo tofauti. Disney iliomba usajili wa maneno hayo Marekani mwaka 1994, mwaka wa filamu ya The Lion King, ikapewa mwaka 2003 kwa ajili ya mavazi. Mwaka 2018 habari hizo ziliibuka upya na watu wengi wakatia saini malalamiko mtandaoni. Hasira ile ilikuwa na haki yake: maneno haya yalikuwa yakiimbwa na Them Mushrooms wa Kenya tangu 1982, na yakisemwa kabla ya hapo na kila mtu. Lakini usajili ule haukumzuia yeyote kuyasema, wala kuyauza kwenye fulana pale Forodhani. Ulihusu mavazi, ndani ya Marekani. Anayeelewa mipaka hiyo miwili, wa bidhaa na wa nchi, hapigi kelele mahali pasipo na hatari, na halali mahali palipo nayo.

Jina likishakuwa mali

Cheti kinampa mwenyewe nguvu ya kwenda Tume ya Ushindani, FCC, ambayo chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa, Sura ya 85, hukamata na kuteketeza bidhaa bandia. Kenya ina Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Vyombo hivi humsikiliza kila mtu, ila mwenye cheti hapotezi muda kueleza yeye ni nani.

Zaidi ya ulinzi, alama iliyosajiliwa inaweza kuuzwa, kukodishwa au kuachiwa warithi. Chapa ya M-Pesa, kwa miaka mingi, ilikuwa mali ya Vodafone ya Uingereza, na Safaricom ililipa ada kwa kuitumia. Mwaka 2020 Safaricom na Vodacom waliinunua kupitia kampuni yao ya ubia. Wateja hawakuona tofauti yoyote kwenye simu zao, lakini jina lenye neno la Kiswahili ndani yake lilikuwa limehesabiwa thamani na kulipiwa. Mgahawa mdogo wa Arusha unaotaka kumruhusu mtu wa Mwanza afungue tawi kwa jina lake unafanya biashara ya aina hiyo hiyo, na bila usajili hauna cha kumkodisha.

Wasio na uwezo wa kwenda peke yao waende pamoja. Sheria ya Kenya inatambua alama za pamoja, zinazomilikiwa na chama na kutumiwa na wanachama wanaofuata masharti yake, na wasusi wa vikapu wa Taita Taveta wamefuata njia hiyo kwa jina la Taita Basket. Ushirika wenye alama moja na kanuni moja ya ubora hupata sauti ambayo msusi mmoja hawezi kuipata mbele ya mnunuzi wa Ulaya.

Taasisi zetu zina deni hapa. Mjasiriamali hupita SIDO kwa mafunzo, TBS kwa ubora, halmashauri kwa leseni, benki kwa mkopo. Kila dirisha kati ya hayo lingemuuliza swali moja, je, umesajili alama ya bidhaa yako, tungeokoa majina mengi kabla hayajaibwa. Na BRELA, inapomkabidhi mtu cheti cha jina la biashara, imwambie hapo hapo, kwa Kiswahili chepesi, kwamba cheti hicho hakilindi lebo yake.

Kwa mjasiriamali mwenyewe, ombi ni moja. Unapopanga bajeti ya mashine, chupa na lebo, weka ada ya alama ya biashara katika orodha hiyo hiyo, kabla ya lebo. Fanya upekuzi, chagua jina ambalo wengine hawana sababu ya kulihitaji, taja daraja sahihi, kisha omba usajili wakati bado hujulikani. Wakati huo hakuna anayekuonea wivu, hakuna anayekupinga, na gharama iko chini kuliko itakavyokuwa tena maishani mwako.